Majibu Niliyomjibia Mama

2 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba wagonjwa wako wanakusikiliza kuliko sisi tulivyokuwa tukikusikiliza. Huku hatujambo. Mdogo wangu, Meneja wetu, ameng'oka jino la mbele na sasa kila amri anayotoa inatoka na mluzi, lakini hajapunguza amri. Mimi shule naendelea nayo. Mwalimu alinisimamisha nisome insha yangu mbele ya darasa, nikaisoma kwa sauti ambayo hata dawati langu halikuisikia.

Mama amepata kazi kubwa, mashati sitini ya sare ya shule ya watoto. Chumba cha mbele kimejaa vitambaa vyeupe, kukipita lazima utembee kiubavu.

Nakuandikia kwa sababu unanijua, kwenye simu maneno yangu hukwama. Na simu ni moja, mama huwa amekaa karibu nayo.

Juma lililopita nilimpeleka hospitali. Alikuwa halali. Asubuhi moja nilimkuta kwenye cherehani anakanyaga, gurudumu linazunguka, na chini ya sindano hamna kitambaa. Mwenye saluni wa jirani ndiye aliyesema twende kitengo cha akili. Alilisema neno hilo polepole, kama mtu anayeomba chumvi.

Daktari ni mgeni, hajui lugha yetu ya nyumbani, na nesi anayemtafsiria alikuwa likizo. Akauliza nani anajua lugha zote mbili. Mama akaninyooshea kidole kwa fahari kabisa. "Huyu wangu," akasema, "anasomea zote."

Basi nikatafsiri. Daktari aliuliza leo ni siku gani. Alimpa maneno matatu ayashike kichwani, kiti, sabuni, daraja, ayarudishe baadaye. Akamwambia atoe saba kwenye mia, atoe tena saba, na tena. Mama alishuka mpaka mbili bila kupumzika, daktari akacheka. Halafu akauliza analalaje, anakulaje, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama ana mawazo ya kutaka kufa. Tarehe aliipata. Maneno yote matatu aliyarudisha. Kulala ni kwa shida, kula ni kidogo. Daktari akaandika uchovu, akatoa vidonge vya usingizi, turudi baada ya miezi mitatu.

Nataka kukuuliza, Mjomba, wewe uliye muuguzi wa watu hao. Mkimuuliza mtu maswali kama yale, mnajuaje?

Mpwa wako


15 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, tena marahaba. Mwambie Meneja jino jipya likichelewa aje huku, tuna mabosi wengi wodini, atapata kikao. Mimi mzima. Jana mgonjwa mmoja aliniambia nina sura ya mtu aliyelala na viatu, na alikuwa sahihi.

Umeuliza tunajuaje. Nitakujibu kama mtu mzima. Tunaanza kabla mtu hajakaa kitini. Ameingiaje, amevaaje, mikono inafanya nini, ananitazama au anatazama mlango. Kisha namsikiliza anavyosema. Je, jibu linafuata njia ya swali au linakata kona likapotelea porini? Akiniambia "sijambo" huku machozi yanateremka, naandika yote mawili. Tarehe, yale maneno matatu, ile saba na saba, hivyo ni vya kujua kama akili iko hapa na leo. Sauti na kufa tunauliza waziwazi, kwa utulivu, kama unavyouliza mtu kama ana kikohozi. Kumuuliza hakumpi wazo. Humpa nafasi ya kulitua.

Na kuna mambo mawili hatufanyi. Hatubishani naye, na hatumsaidii. La pili ndilo gumu. Mtu anatafuta neno, wewe unaliona hilo, linaning'inia, unatamani umpe. Humpi. Akinyamaza unamwacha, kwa sababu kunyamaza kwake nako kunaandikwa. Na alichosema kinaandikwa kilivyotoka, hata kama kina aibu, hata kama hakina kichwa wala miguu.

Sasa mpwa wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Umenitajia maswali yote. Umenipa majibu ya karibu yote. La sauti hukunijibu, na la kufa hukunijibu. Mama yako alisema nini?

Msalimie dada yangu, mwambie asikimbize hayo mashati.

Mjomba wako


12 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Kulikuwa na majaribio, halafu Meneja akapata homa, halafu mvua ikavujia chumba cha nyuma. Hizo zote ni kweli lakini si sababu.

Meneja amepona. Mama anakunywa vile vidonge, analala mapema, ila alfajiri yuko kwenye cherehani. Mashati yamefika arobaini na kitu. Anashona vizuri sana, Mjomba, kola zimelala kama zimechorwa. Mwalimu mkuu wa ile shule alikuja kutazama, akamsifu, mama akacheka na kumpa kiti. Ungemwona usingejua kitu.

Yale maswali mawili siyakumbuki vizuri. Kulikuwa na kelele nje.

Kuna jambo jingine jipya. Mama anasema kuna mtu anamwibia vifungo. Alikuwa na kopo moja likapotea, akanunua jingine nalo likapotea. Anamshuku mwenye saluni. Hawasalimiani tena, na yule mama wa watu aliyekuwa akituletea maji bomba likikauka sasa anapita upande wa pili wa barabara. Mama ameanza kufunga mlango wa mbele kwa ufunguo hata mchana, na anaweka vitambaa chini ya kitanda.

Nataka kukuuliza kama swali la darasani tu. Mtu akiogopa kitu ambacho hakipo, huo ni ugonjwa. Lakini akiogopa kitu ambacho kipo kweli, na wengine wote wanaona hakipo, nyinyi mnaandika nini?

Usipige simu kwa ajili ya hili, tafadhali.

Mpwa wako


20 Machi

Kimya,

Hatujambo huku. Nitafupisha salamu, utanidai siku nyingine.

Nilipiga simu. Niliongea na mama yako Jumapili, akasema mko wazima, akacheka mahali ambapo sikusema kitu cha kuchekesha. Nikamuuliza anasemaje kuhusu kazi, akaniambia yamebaki machache, akimaliza atapumzika. Namjua dada yangu tangu tukigombania godoro. Hajawahi kutaka kupumzika.

Nikueleze kitu ambacho hajui hata yeye. Mama yetu, bibi yako ambaye hukumkuta, aliwahi kupelekwa kwa daktari kama yule. Mimi nilikuwa mkubwa kwako kidogo. Mama aliulizwa kama kuna watu wanamsema ukutani. Akanitazama. Nikamjibia. Nilisema hapana, mama yangu huchoka tu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima na sikutaka yule daktari atuone ovyo. Ilichukua miaka sita kabla mtu mwingine hajamuuliza tena, na miaka hiyo sita ilimla. Watu huniuliza kwa nini nilichagua kazi hii, nawaambia mshahara. Na mkiniuliza kwa nini sijaja nyumbani miaka minne, nawaambia kazi. Ile nyumba ina ukuta wake, Kimya. Ndiyo sababu.

Sikutuhumu. Sisi ukoo mzima ni watu wa kumalizia wenzetu sentensi.

Lakini kama mama yako ametamka kufa, au kwenda, au kuitwa, usingoje posta. Rudini hospitali siku hiyohiyo. Kama mdomo unagoma, andika, wewe kuandika unajua. Na unipigie. Ukikaa kimya kwenye simu nitajua ni wewe.

Mjomba


29 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Ile simu ya juzi ilikuwa mimi, kama ulivyojua. Asante kwa kuniuliza swali moja tu, kama mama yuko salama, na kwa kutouliza la pili. Yuko salama. Yuko wodini tangu Jumanne. Meneja analala kwa mwenye saluni, na tayari amempangia zamu za wateja.

Sasa niseme.

Mama alipoulizwa siku, alijibu kwamba ni Novemba. Ndio mwezi aliofariki baba, mwaka juzi. Mimi nikasema Januari, nikataja na tarehe kabisa. Kwenye yale maneno matatu alikumbuka sabuni tu. Nikamwongezea kiti na daraja, haraka, kama tunavyonong'onezana shuleni. Ile ya saba ilikuwa yake kweli, sikuigusa.

Alipoulizwa kuhusu sauti alisema ndiyo. Alisema akikanyaga cherehani anamsikia baba, chini ya ule mlio. Nikatafsiri kwamba anamkumbuka sana mumewe. Ndipo likaja lile la kufa. Nayaandika maneno yake yalivyotoka, kama ulivyonifundisha. Alisema, "Ananiita. Nimemwambia anisubiri nimalize mashati ya watoto wa watu."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayepanga safari. Daktari alikuwa amenigeukia, kalamu juu. Nikasema hapana.

Niliogopa watamfungia mahali nasi tutagawanywa kwa ndugu. Hiyo ni sababu ya kwanza, ndiyo nzuri. Ya pili ni kwamba niliona haya. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amenitaja kwa fahari, sikutaka mgeni amwone hivyo. Uliposema viatu vya kuazima niliifunga barua nikaiweka chini.

Tangu siku ile nikawa nahesabu mashati. Yalipofika thelathini nilichukua kopo la vifungo nikaliweka kwenye begi langu la shule. Aliponunua jingine nikachukua na hilo. Shati lisilo na vifungo halijaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote. Nimetembea na vifungo mgongoni mwezi mzima, nikikimbia vinalia, wenzangu wakaniita Kayamba. Na mama alipomgeukia mwenye saluni nilimwacha amgeukie.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne asubuhi niliandika yote kwa lugha ya daktari, kurasa mbili, nikamwambia mama tunafuata vidonge. Daktari alisoma kurasa zangu mara mbili. Hakunigombeza. Yule nesi wa kutafsiri amerudi, ni mama mnene mwenye sauti ya taratibu, akaniambia nikae kwenye kona, na maswali yote yakaanza upya.

Mama alijibu kila kitu. Novemba, sabuni, baba, mashati. Nilikuwa natazama mikono yake, inakunja pindo la gauni na kulikunjua. Kisha akasema kuna mtu anamwibia vifungo ili asimalize kazi. Nesi akakitafsiri hicho kwa upole uleule, na daktari akaandika. Akauliza ana uhakika gani. Mama akaeleza vizuri, makopo mawili, la kwanza siku fulani, la pili siku fulani. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kumtazama kwa huruma, na kalamu ikawa inaenda.

Unanijua, sijawahi kusimama pasipo kuitwa. Nilisimama.

"Hilo ni kweli," nikasema. "Ni mimi."

Nilimwambia mama kwanza, halafu daktari kwa lugha yake. Nikafungua begi nikaweka makopo yote mawili mezani. Nesi alisahau kufunga mdomo. Daktari aliutazama ule mstari wake, akaukata.

Mama alinigeukia. Nilidhani atanipiga, au atauliza kwa nini, na jibu lingekuwa baya kuliko kofi. Hakuuliza. Nadhani alijua palepale. Akasema, "Nilijua vimeibwa." Halafu akalia, Mjomba, mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti, huku ameshika mkono wa shati langu kama anataka kulipima. Nesi hakutafsiri.

Wamemlaza. Nilimjibia uongo mama yangu, nikamfanya mgonjwa zaidi kwa wizi. Andika na hilo lilivyo.

Mpwa wako


6 Aprili

Kimya wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kabati la mashuka, mahali pekee wodini ambapo muuguzi anaweza kulia bila kupewa dawa.

Kwanza nilichokasirikia, tukimalize. Mwenye saluni. Umwendee wewe mwenyewe, kwa mdomo, si kwa karatasi, na umwambie mbele ya wateja, maana alishukiwa mbele ya wateja. Utatetemeka. Tetemeka.

Pili. Siku ile ya Januari daktari yule hakukosea. Alimpima mtu mwenye akili timamu, anayejua tarehe, anayekumbuka maneno yote matatu. Alikupima wewe. Ndiyo maana cheti kilitoka safi. Mama yako hakuwa ameulizwa bado. Jumanne ndipo alipoulizwa, na aliyemfungulia mlango ni wewe. Mimi huo mlango nilimfungia mama yangu nikakaa nao miaka. Wewe miezi miwili. Acha kujipiga, una mikono midogo.

Tatu, umeniuliza barua ya Machi tunaandika nini mtu akiogopa kitu kilichopo. Tunaandika alichosema, halafu tunakwenda kutazama kama kipo. Hiyo sehemu ya pili tunaisahau sana, nami nimewasimulia wenzangu hapa habari ya makopo mawili. Leo asubuhi daktari wetu alituma mtu kwenda kuhakikisha kama mgonjwa wa kitanda cha tano kweli ana mbuzi kumi na mmoja. Anao.

Nimeomba ruhusa, nimepewa siku kumi na nne. Naja Jumamosi. Mwambie Meneja anipangie kitanda, na kisiwe karibu na ukuta wa nyuma. Hapana, kiwe hapohapo.

Mjomba wako


18 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa, na Meneja bado anakalia kiti chako na kutoa amri kwa sauti yako. Mwenye saluni anakusalimu. Anasema mwanamume anayekubali kusukwa ili mtoto wa dada yake acheke hapatikani kirahisi. Na mimi bado ananiita mwizi, ila sasa ananiita hivyo akinipa maji.

Mama anakunywa dawa zake bila kukumbushwa. Mikono ilitetemeka wiki za kwanza, daktari akapunguza dozi, sasa anaweza kutunga uzi. Yale mashati tuliyoshonea vifungo pamoja na wewe siku ile, mawili yamerudishwa, na sitataja yalishonwa na nani.

Mengine yote aliyamalizia mwenyewe, Ijumaa. Nilikuwa naiogopa siku hiyo, sikukwambia. Nilirudi kutoka shule mbio, nikakuta ameyafunga mafurushi, sitini kamili, yako mlangoni, na yeye hayupo. Nilizunguka nyumba mara mbili. Nikamkuta kwa nyuma, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, analoweka miguu kwenye beseni. Akaniuliza kwa nini natweta. Nikasema sina sababu. Akasema, "Mwongo," akanisogezea beseni. Niliingiza miguu yangu pamoja na yake, soksi na yote.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Aliomba niingie naye, lakini niwe binti yake tu, kutafsiri ni kwa nesi. Aliulizwa tarehe, akaijua. Maneno matatu mapya alirudisha mawili, akakaa analitafuta la tatu, na mimi nililikumbuka, nikalimeza. Hakulipata. Daktari akasema si neno.

Kisha nesi akauliza kama bado anamsikia.

Mama alinyamaza. Akanitazama. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, zuri, limenyooka, lingewafurahisha wote chumbani. Nikatazama sakafu. Nikasikia kalamu ya daktari ikiwekwa mezani.

"Namsikia," mama akasema. "Mara mojamoja, na kwa mbali. Ananiambia nije. Namwambia sasa hivi sina nafasi, watoto wangu bado wananihitaji, na mimi mwenyewe sijataka."

Nesi alitafsiri. Daktari akamuuliza kama hayo yanatoka moyoni au anasema ili tusihofu.

Mama akaliweka sawa gauni lake. "Ni yangu," akasema. "Andikeni hivyohivyo."

Wakaandika.

Mpwa wako